Punda Aliyetekwa Msibani

Kamba ya katani ikilowa maji hutoa harufu kali ya uchachu, na isipoanikwa harufu hiyo huongezeka usiku kucha mpaka asiyeizoea akadhani kuna kitu kimeoza. Hiyo ndiyo harufu iliyoniamsha asubuhi nyingi za utoto wangu Kwedizinga, kabla ya jogoo na kabla ya adhana. Kamba zilitundikwa nje ya dirisha la chumba nilicholala na bibi, pamoja na madumu ya njano ya kuchotea maji, na chini yake alifungwa punda jike wa kijivu tuliyemwita Tausi. Jina hilo alipewa na baba siku aliyomleta kutoka mnadani, kwa mzaha tu, maana sijaona kiumbe aliyekuwa mbali na tausi kuliko yule. Alikuwa na tumbo kubwa, magoti yenye sugu, na sikio moja lililochanwa na mwenyewe wa kwanza ili asichanganyike na punda wa watu wengine. Harufu yake ya jasho na vumbi niliacha kuisikia mapema sana, kama mtu anavyoacha kusikia harufu ya nyumba yake. Ya kamba haikuniacha, na hata leo nikipita dukani wanapouza kamba za katani hapa Korogwe, huwa natazama chini kidogo kutafuta miguu minne.

Anayeijua Handeni ya miaka ile hahitaji kuelezwa habari ya maji. Asiyeijua nimwambie tu kwamba mvua za vuli zilikuwa zikitudanganya, visima vya mchangani vilikauka mapema, na kiangazi kikishika maji yalipatikana kwenye bwawa moja lililokuwa mbali kiasi kwamba mtu aliyetoka alfajiri alirudi jua likiwa limeshachoma. Bwawa hilo tulilitumia sisi, na ng'ombe wa Wamasai, na mbwa, na kila mwenye kiu. Wanawake walibeba ndoo kichwani. Mama yangu alibeba pia, mpaka mwaka mmoja alipoharibikiwa mimba iliyokuwa imeanza kuonekana, na wanawake waliokuja kumpa pole wakasema bila kuzunguka kwamba ni ndoo. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Safari ile alikaa na mama chumbani muda mrefu, akatoka, akaondoka na basi bila kumaliza chakula. Safari iliyofuata alimleta Tausi. Kwa hiyo Tausi aliletwa kukaa kati ya tumbo la mama na ile ndoo, na mimi niliyekuwa darasa la nne nilijua hivyo vizuri kabisa, ingawa hakuna aliyenieleza.

Tatizo ni kwamba kwetu punda hakuwa wa mtu mmoja. Mtu aliomba punda kama anavyoomba moto au chumvi, na kumnyima jirani kulikuwa ni kumwambia kwamba umemchoka. Tausi alibeba mahindi ya huyu, kuni za yule, mabati ya mwingine, halafu alfajiri ilikuwa zamu yetu ya maji. Aliyemtumia zaidi ya wote ni baba mdogo Rajabu, mdogo wake baba, aliyekuwa akifyatua matofali na kuyapeleka kwa watu waliojenga. Huyu hata hakuomba. Alikuja, akasalimia kwa sauti kubwa, akatania, akamfungua Tausi na kuondoka naye. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mkono mwepesi wa kuwapa watoto pipi, na sikumbuki siku hata moja aliyomrudisha Tausi akiwa amemnywesha. Viroba vya matofali vilining'inia huku na huku, na kamba ya katani ilipita juu ya uti wa mgongo bila kitu chochote chini yake. Mwanzoni manyoya yaliisha. Baadaye ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka, ikawa kidonda kipana kama kiganja cha mtu mzima, na nzi wakakijua. Hatukushangaa. Punda wote wa kijijini walikuwa na vidonda, na mtoto aliyekulia pale angeweza kudhani kwamba punda huzaliwa navyo.

Kiangazi hicho ndipo walipokuja watu wa mradi wa ustawi wa wanyamakazi. Aliyepangiwa kijiji chetu alikuwa dada mmoja aitwaye Neema, mtaalamu wa mifugo, kijana bado, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Korogwe akiwa amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutibu punda na kufundisha namna ya kuwatunza. Ya pili ni kuuliza maswali, kwa sababu mradi ulitaka kujua watu na wanyama wao wanaishi pamoja vipi. Watu walikusanyika uwanja wa shule, wazee mbele, akina mama nyuma, punda pembeni. Neema alimwamkia bibi yangu, akakaa naye mkekani, akamuuliza kama anampenda punda wake. Bibi alimtazama kwa huruma. "Nimpende wa nini, mwanangu? Ni punda yule." Watu wakacheka. Neema naye akacheka, akamgeukia mama. Alitaka kujua, punda akifurahi wao wanamtambuaje. Mama alifikiri kwa heshima zote, kwa kuwa ameulizwa na mgeni, akasema, "Akifurahi sijui. Sijawahi kumwona siku hiyo." Hapo hawakucheka wote.

Yale mafunzo yalikuwa mazuri, na niseme ukweli, yalieleweka. Punda asipigwe kwenye jeraha. Anyweshwe kabla ya safari na baada ya safari. Asichanwe masikio wala pua. Na juu ya yote, mgongo wake uwekewe tandiko nene kabla ya kamba. Akina mama walifundishwa kushona matandiko hayo kwa magunia na kuyajaza sufi, ambayo mradi uliileta kutoka upande wa Korogwe inakopatikana kwa wingi. Sufi kwetu ilikuwa kitu cha heshima. Nyumba yenye mto wa sufi ilikuwa nyumba iliyofika mahali, sisi wengine tulilalia mito ya vitambaa vilivyochakaa. Sasa Ramadhani ilikuwa inakaribia kwisha, kila nyumba ilikuwa inatafuta cha kupendezesha Idi, na Neema akawa amewagawia wanawake mafungu makubwa ya sufi nyeupe, laini, isiyo na hata mbegu. Matandiko yalishonwa kwa bidii ambayo mradi haukuwa umeiona kijiji kingine chochote. Neema alifurahi sana, akaaga, akaahidi kurudi baada ya sikukuu.

Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kuwatazama punda, akawakuta migongo mitupu na kamba zilezile. Kwetu alikaribishwa ndani, akavutiwa kiti, na bibi kwa kumheshimu mgeni akaweka juu ya kiti kile mto mpya uliofunikwa kitambaa kilichotariziwa maua mekundu na maneno ya kumkaribisha mgeni. Neema akakaa. Kisha akaanza kuubonyeza ule mto kwa mkono, polepole, akapapasa mshono wake pembeni, na mimi niliyekuwa nimesimama na trei ya chai niliona uso wake ukibadilika. Mshono ulikuwa ule aliotufundisha yeye. "Bibi," aliuliza, "hili si tandiko la punda?" Bibi hakuona haya. "Ndilo. Lakini punda hulala chini, mwanangu, na mgongo wangu mimi ni mkongwe kuliko wake." Neema akacheka mpaka akafuta machozi, na nadhani sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko. Alikuwa amekaa juu ya mradi wake.

Alipotoka nje na kumwona Tausi hakucheka tena. Aliomba maji ya uvuguvugu na chumvi, akakiosha kidonda, na usaha ulipotoka mama alinigeuza uso, jambo la bure kwa kuwa nilikuwa nimeshaona. Alisema kidonda kinaelekea kwenye mfupa. Akamwambia mama kwamba dawa ataacha, lakini dawa pekee hazitoshi, punda huyu anatakiwa asibebe kitu chochote mpaka ngozi ifunge, na akiendelea kubebeshwa hatamaliza kiangazi. Mama aliitikia kila neno. Alikuwa na kanga mbili, moja ameifunga juu kidogo ya pale alipozoea, na Neema alipomtazama tumboni mama aliangalia pembeni. Alikuwa mjamzito tena. Tausi akipumzika, mama angerudi kwenye ndoo. Tausi asipopumzika, angekufa, na mama angerudi kwenye ndoo vilevile. Neema aliliona hilo, nina hakika, kwa sababu alirudia maelezo ya dawa mara ya pili wakati tulikuwa tumeshayaelewa, kama mtu asiye na kingine cha kutoa.

Mama alijaribu. Baba mdogo Rajabu alipokuja kesho yake, mama alisimama kati yake na punda, akamweleza kwa upole alichosema mtaalamu. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji," akasema, "huyo mtaalamu wako anafuga punda wangapi?" Kisha akamwinamia Tausi, akakitazama kidonda, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akakunja gunia moja kuukuu, akaliweka juu ya kidonda na kumfungua. Hakuwa mtu mbaya. Matofali yalikuwa yanangojewa, na shemeji yake alikuwa mke wa kaka yake, na punda alikuwa wa kaka yake, na kwa hesabu zote alizofundishwa tangu utoto hapakuwa na kosa. Mama naye hakuwa na neno la kumzuia ambalo lisingegeuka kuwa ugomvi wa ukoo. Aliingia jikoni akapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Siku chache baada ya hapo tulikuwa njiani kutoka bwawani, mama, mimi na Tausi, na Tausi akalala. Hakuanguka, alikunja miguu taratibu akalala katikati ya njia na madumu yake. Tulimvuta, tulimsukuma, nilimpiga kwa kijiti mguuni, si kwenye jeraha, kama tulivyofundishwa. Alitazama mbele tu. Mama akafungua kamba, akamwaga maji ya dumu moja kwenye beseni tulilochotea akamnywesha, mengine akayaacha kando ya njia, na la mwisho akajitwisha kichwani. Nilitembea nyuma yake nikimshika Tausi, aliyekuwa amekubali kuinuka alipotuliwa mzigo. Nilikuwa natazama mgongo wa mama na namna alivyokuwa akiweka nyayo, na niliogopa. Sikuwahi kuogopa hivyo kabla, hata kwa fimbo ya mwalimu. Nilikuwa nahesabu miti iliyobaki kufika nyumbani na kila mti nikiufikia namtazama kama bado anatembea.

Hapa lazima nimlete Mzee Kulwa. Baba yake aliletwa kutoka Unyamwezini kukata mkonge, akazalia kambini karibu na Korogwe, na Kulwa mwenyewe alipochoka na mkonge alikuja kwetu, akapewa kipande cha ardhi, akalima. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua, na utani huo si wa kucheka tu. Mtani ana haki. Msibani ndiye anayechimba kaburi na ndiye anayelala ndani yake akidai limemtosha. Anaweza kunyakua sufuria ya ubwabwa ikiwa jikoni, au kuku, au kofia ya mfiwa, na kitu hicho kinakuwa mateka wake mpaka kigombolewe kwa masharti atakayotaka yeye. Anayekasirika ndiye anayeaibika, na huweza kutozwa faini juu yake. Mzee Kulwa alikuwa mtani wa kijiji kizima, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili, na alipita njiani asubuhi akitusalimia watoto "Mwangaluka!" nasi tunamjibu kwamba hapa si kwao, arudi akale viazi vyake. Angetukimbiza kidogo kwa fimbo. Kesho yake tungemngojea palepale.

Wiki hiyohiyo alifariki shangazi yake baba, bibi mmoja aliyekuwa mtu mzima sana. Msiba ulikuwa mkubwa. Kuni na maji ya kulisha watu wote wale yalibebwa na punda, na baba mdogo Rajabu, akiwa msimamizi, alimchukua Tausi tangu alfajiri. Nilikuwa nimekaa na bibi kwenye mkeka wa wanawake alipoingia uani akimswaga, kuni zimepanda mpaka juu, na gunia lililofunika kidonda limelowa. Wanaume walikuwa wamekaa upande wa pili, shehe katikati. Mzee Kulwa alitokea nyuma ya nyumba akiwa amevaa kanzu ya mtu ameigeuza nyuma mbele, maana ndivyo watani wavaavyo siku hizo. Alimwona Tausi, akasimama. Akaenda akazikata kamba kwa panga, kuni zikaanguka kwa kishindo, akaliinua lile gunia mbele ya watu wote. Kisha akavua kaniki aliyokuwa amejifunga kiunoni, akamfunga Tausi kichwani, sikio lililochanwa likabaki nje.

"Jamani Wazigua!" alipaza sauti. "Hamna haya? Mfiwa mnambebesha kuni?"

"Mfiwa gani?" baba mdogo akauliza, huku tayari anacheka.

"Huyu hapa. Amefiwa na ngozi yake. Yuko eda! Mwanamume asimguse!"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena katika msiba wowote. Shehe alijifunika mdomo kwa pindo la joho. Bibi yangu alijipiga paja. Mzee Kulwa aliendelea bila kutabasamu. Alisema anamteka mjane huyu na kumpeleka kwake akakae eda yake mpaka manyoya yaote mgongoni, na kwamba wote waliomwazima wanajulikana, na kwa kuwa wameula mgongo wake, watabeba wao. Kila mmoja wao, akienda bwawani kujichotea maji, apitishe dumu moja kwa Mama Zaina, yaani mama yangu. Asiyepitisha, siku atakapofiwa hatachimbiwa kaburi, atajichimbia mwenyewe. "Na huyu," akamwelekezea Rajabu fimbo, "huyu alete mawili, maana yeye ni punda dume." Baba mdogo alifungua mdomo, akatazama huku na huku, akaona watu wote wanamngoja akasirike. Hakukasirika. Alipiga magoti kwa mzaha mbele ya Tausi akampa pole ya msiba, na watu wakashangilia. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa jikoni na wanawake wengine, anakoroga sufuria kwa mwiko, ameinama, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wakati ule nilidhani analia.

Tausi alikaa kwa Mzee Kulwa mpaka mvua zilipokaribia. Niliruhusiwa kwenda kila siku baada ya shule kumwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kumpaka dawa ya Neema, na mateka akawa anapata pumba, ambazo kwetu hakuwahi kupewa. Bibi, baada ya kusemwa sana na mtani kwamba amemnyang'anya mjane godoro lake, aliuvua ule mto wake kitambaa cha maua na kulipeleka tandiko mwenyewe kwa mkono wake, akinung'unika njia nzima. Maji yalikuja nyumbani. Yalikuja kwa baiskeli, kwa mkokoteni, na baba mdogo Rajabu aliyaleta kwa bega, akilalamika kwa furaha kila alipopita nyumba ya mtu, ili asikike. Wanaume wa kwetu walikuwa hawabebei wake za watu maji. Kwa ajili ya utani walibeba, na hakuna aliyejiona amepungukiwa.

Neema alipokuja na kukuta hali hiyo alitaka kujua mipango ilipangwa vipi, na nani aliitisha kikao. Alimfuata Mzee Kulwa shambani kwake kumuuliza. "Kikao?" mzee akasema. "Mimi ni mwizi, dada. Nimeiba punda wa Wazigua." Neema alimtazama Tausi aliyekuwa amesimama kivulini, anatafuna, sikio zima limelala upande. Akanigeukia mimi akaniuliza lile swali lake la zamani, kama kwa kujaribu tu: huyu sasa amefurahi? Nikamwambia ndiyo. Akauliza nimejuaje. Nikasema sikio. Alikubali jibu hilo, akakaa chini karibu nasi muda mrefu kuliko kazi yake ilivyohitaji.

Manyoya yaliota, lakini yaliota meupe, doa jeupe juu ya mgongo wa kijivu. Tausi aligombolewa kwa jogoo na matusi mengi. Kuanzia hapo hakuna aliyemfunga kamba bila tandiko, nusu kwa kuelewa na nusu kwa kumwogopa Mzee Kulwa, na matandiko kadhaa yakatoka vitandani kijijini kote na kwenda yalikotakiwa. La kwetu mzee hakulirudisha. Alisema ni mahari ya mjane. Mdogo wangu Hamisi alizaliwa mvua zikinyesha, mzima, mwenye kelele, na siku hiyo baba alikuwepo nyumbani.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Korogwe. Kwedizinga mabomba yamefika, ingawa maji hayatoki kila siku, na yasipotoka huletwa na bodaboda, madumu yamefungwa nyuma kwa mipira. Punda wamebaki wachache. Walipita wanunuzi miaka fulani wakiwatafuta kwa ajili ya ngozi, na watu wakauza. Tausi alikuwa ameshakufa kwa uzee wake, nyuma ya nyumba, na nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza kwa wenzangu kazini. Mradi uliisha, kama miradi inavyoisha. Watoto wa kijiji wanajua kwamba kumpiga mnyama ni kosa, wamefundishwa shuleni. Wakati huohuo si wengi wanaoweza kuniambia mtani ni nani.

Mwaka jana Mzee Kulwa alifariki. Nilikwenda msibani na mama, ambaye sasa anakaa nami na kutembea kwa mkongojo, na njiani tukiwa tumekaa kwenye basi, nikamkumbusha alivyolia jikoni siku ile ya Tausi. Alinishangaa. "Nilie kwa nini? Nilikuwa nacheka." Kisha akasema, akiangalia nje, "Asubuhi ya msiba nilikwenda kwake. Nikamwambia, mtani, naomba uniibie punda wangu."

Msiba ulikuwa wa haraka, wa siku hizi. Mahema yalikodiwa, chakula kikaletwa kimepikwa. Mjukuu wa mzee, Masanja, kijana anayeendesha bodaboda kule Mombo mabasi yanaposimama, alikuwa amefika alfajiri na pikipiki ambayo si yake, ya mkataba, baada ya kufanya kazi usiku kucha. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa kilio peke yake. Hata wakati wa mazishi simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Babu yake alipokwisha kufukiwa tu, alivaa kofia ngumu, akaaga, akasema lazima arudi barabarani. Shangazi zake walimsihi apumzike kidogo. Akawaeleza kwa heshima kwamba mwenye pikipiki haelewi habari ya msiba. Wakaanza kumpisha njia.

Mama yangu aliinuka kutoka kwenye mkeka. Alitembea taratibu na mkongojo wake mpaka kwenye pikipiki, akavua kanga ya begani, akaipitisha kwenye gurudumu la mbele, akafunga fundo, halafu fundo jingine. "Naiteka," akasema. "Mimi ni mtani wa babu yako. Haitoki hapa mpaka hayo macho yawe meupe." Vijana walitoa simu wakaanza kumpiga picha, wakidhani bibi amechanganyikiwa. Masanja alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumweleza afanye nini, na wazee wawili watatu waliobaki walikuwa wameshaanza kucheka, wameshikana mikono. Nikamwendea nikamweleza kwa maneno machache utani ni nini, na kwamba asikasirike, kwa sababu akikasirika atakuwa ameshindwa. Alisikiliza. Akavua kofia. Sidhani kama aliamini niliyosema, nadhani alikuwa amechoka tu na amepata mtu wa kumlaumu. "Basi nikiulizwa nitasema nimetekwa," akasema. Mama akamwambia aseme hivyohivyo, na kwamba anayetaka kugomboa aje mwenyewe.

Shangazi mmoja akaingia ndani akatoka na kitu cha kulalia. Kilikuwa tandiko la magunia, limechakaa, limebonyea katikati, na mshono wa pembeni niliujua kabla hajalitandika. Masanja alijilaza juu yake hapo hapo kwenye mkeka, kati ya mama na mimi, na usingizi ukamchukua akiwa bado ameshika simu. Mama akaitoa mkononi mwake. Ilipoita akaitazama, akaigeuza uso chini, akaisukuma chini ya mkeka, akaikalia.